Ushuhuda si Ushahidi: Mwongozo Kamili wa Kujua Kama Programu ya Ulezi wa Vijana Inafanya Kazi

Kila anayeniomba nimsaidie kuchagua programu ya ulezi huniletea vitu vilevile: picha za vijana wanaotabasamu, barua za shukrani, na sentensi moja iliyokolezwa wino, "asilimia 85 ya vijana wetu wanasema wamebadilika." Kisha huuliza kama huo ni ushahidi wa kutosha.

Huo ni ushuhuda. Maneno hayo mawili yametoka shina moja, na nadhani ndiyo maana tunayachanganya kirahisi. Anayetoa ushuhuda husimulia aliyoyaona upande wake. Ushahidi wa kwamba programu inafanya kazi lazima uwe na pande mbili: waliopata ulezi, na wanaofanana nao ambao hawakuupata.

Nimeandika mwongozo huu kwa mratibu, mwalimu, mfadhili mdogo au mjumbe wa kamati anayetakiwa kuamua. Huhitaji shahada ya takwimu. Nikisema "mlezi" simaanishi mzazi wala anayelipa ada ya shule. Namaanisha mtu mzima aliyeunganishwa na kijana ili wakutane mara kwa mara, amsikilize, amwelekeze na amsemee pale sauti ya kijana isipofika.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Jedwali, la karatasi au la kompyuta, lenye safu sita: nani walisomwa, walilinganishwa na nani, walianza wangapi, walimaliza wangapi, nini kilipimwa, na tofauti ilikuwa kubwa kiasi gani.
- Intaneti. Sehemu mbili zinatosha kuanzia: Google Scholar, inayotafuta makala za kitaaluma, na maktaba ya Campbell Collaboration, ambayo ni ya bure na huweka mapitio, yaani kazi zinazojumlisha tafiti nyingi za swali moja. Tafiti nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo tafuta kwa lugha hiyo.
- Ripoti kamili ya programu unayoipima. Kipeperushi hakitoshi. Wakikuambia ripoti kamili haipo, hiyo nayo iandike kwenye jedwali.
- Kikokotoo.
- Mtu mmoja mbishi. Huyu ni muhimu kuliko kikokotoo, na baadaye utaona kazi yake.

## Hatua ya 1: Andika swali lako kwa sentensi moja

Usiulize "ulezi unasaidia?" Swali hilo ni sawa na kuuliza kama dawa inaponya, bila kutaja dawa wala ugonjwa. Andika hivi: "Je, vijana wa miaka 12 hadi 15 wanaokutana na mlezi kila wiki kwa mwaka mmoja hukosa shule siku chache kuliko wenzao wasio na mlezi?"

Sentensi hiyo imetaja watu, huduma, muda, ulinganisho na matokeo. Ukikosa kimoja, utajikuta unasoma tafiti za watoto wa miaka 8 ili kuamua jambo la vijana wa miaka 17.

Jihadhari na matokeo yasiyoshikika kama "kujitambua" au "kuwezeshwa". Chagua kitu ambacho watu wawili wakikihesabu kila mmoja kivyake watapata jibu moja. Swali likiwa limekaa sawa, mbishi wako ataweza kulisoma na kukutajia ni matokeo gani yangekufanya useme "hapana". Akishindwa, liandike upya.

## Hatua ya 2: Soma mapitio kabla ya utafiti mmoja mmoja

Utafiti mmoja unaweza kubahatisha, au kupatwa na mkosi. Kwa hiyo anza na mapitio yanayokusanya tafiti nyingi za swali moja na kuzijumlisha.

Katika ulezi wa vijana kazi hii imeshafanywa zaidi ya mara moja. Mwaka 2002 David DuBois na wenzake walijumlisha tathmini 55 na kupata athari ndogo. Mwaka 2011 walirudia kwa tathmini 73 mpya zaidi, wastani wa athari ukawa 0.21. Mwaka 2019 Elizabeth Raposa na wenzake walichambua tafiti 70 zenye vijana zaidi ya 25,000, wakaangukia 0.21 ileile.

Namba hiyo tutaitafsiri kwenye Hatua ya 5. Kwa sasa ishike hivi: ulezi kwa wastani unasaidia, na unasaidia kidogo. Mtu akija na programu anayodai inabadilisha maisha ya kila kijana, anadai kitu ambacho tafiti nyingi kwa pamoja hazijakiona. Haina maana kwamba anadanganya, ila mzigo wa kuthibitisha ni wake.

Hatua hii imekamilika ukiwa na mapitio mawili yaliyosomwa mpaka sehemu ya mapungufu. Ikisiri, yaani muhtasari wa mwanzo, peke yake haihesabiki.

## Hatua ya 3: Kila namba iulize, "kwa kulinganisha na nani?"

Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo twende taratibu.

Chukua dai la kawaida: "Kabla ya programu, vijana 30 walikuwa watoro. Baada ya mwaka, wamebaki 12." Linavutia. Lakini mambo matatu yanaweza kuleta badiliko hilo hata mlezi asipotokea kabisa.

La kwanza, vijana hukua. Mtoro wa miaka 14 si lazima awe mtoro akifika 15.

La pili ni gumu kuliona. Vijana huletwa kwenye programu hali ikiwa imefika pabaya kabisa: amefukuzwa darasani, amepigana, mzazi amechoka. Hali iliyofika kileleni mara nyingi hushuka yenyewe. Aliyeanza kunywa dawa siku homa ilipopanda kupita kiasi ataisifu dawa hata kama chupani mlikuwa na maji matupu.

La tatu, wanaojiunga kwa hiari hawafanani na wasiojiunga. Kijana ambaye bibi yake alimfuatilia mpaka akajaza fomu tayari ana bibi wa kumfuatilia.

Dawa ya yote matatu ni kundi la ulinganisho, na kundi bora ni lile lililopatikana kwa bahati nasibu: vijana wote wameomba, kura imepigwa, nusu wamepata mlezi na nusu wamesubiri. Kura haijui nani ana bibi. Kukua na kupoa kwa homa kutatokea pande zote mbili, na tofauti itakayobaki mwishoni ndiyo unayoweza kuihusisha na ulezi.

Kama unadhani nawaonea watu wa ushuhuda, sikiliza kisa hiki. Mwaka 1939, katika miji ya Cambridge na Somerville huko Massachusetts, Marekani, wavulana 506 walipangwa jozi 253 za waliofanana. Sarafu ikarushwa: mmoja wa kila jozi apate msaada, mwenzake asipate. Waliopata walitembelewa nyumbani, wakasaidiwa masomo, baadhi wakapelekwa kambi za likizo, kwa wastani wa miaka kama 5. Ukisoma orodha ya huduma zile utatamani mwanao angekuwemo.

Miaka 30 baadaye mtafiti Joan McCord aliwatafuta. Alichapisha matokeo mwaka 1978. Kiasi cha theluthi mbili ya waliohudumiwa walisema programu iliwasaidia. Wapo waliosema bila ile programu wangeishia kwenye uhalifu.

Kisha akafungua kumbukumbu za mahakama, hospitali na vifo, akawalinganisha na wenzao wa jozi. Waliosaidiwa hawakuwa na uhalifu mdogo. Zaidi ya hapo, kwa vipimo kadhaa walikuwa na hali mbaya kuliko wenzao: dalili zaidi za ulevi, magonjwa makubwa zaidi ya akili, na waliofariki walikuwa wamefariki mapema zaidi.

Wale wanaume hawakusema uongo. Walikuwa wanasimulia upande mmoja, kwa sababu upande wa pili hakuna binadamu anayeweza kuuona: maisha yake mwenyewe yangekuwaje bila mlezi. Ndiyo maana dodoso la kuridhika, hata likijazwa kwa moyo safi, haliwezi kukujibu swali la Hatua ya 1. Lina faida nyingine (litakuambia kama mlezi anachelewa, kama kijana anajisikia salama), na kwa mambo hayo litumie.

Kwenye jedwali lako, andika mojawapo ya maneno manne kwenye safu ya ulinganisho: "kura", "kundi linalofanana", "kabla na baada", au "hakuna". Ukimaliza, funika kwa mkono mistari yote ya tafiti ulizoziandikia "kabla na baada" au "hakuna". Kinachobaki ndicho ushahidi wako, na mara nyingi ni kidogo kuliko ulivyodhani. Ni kawaida.

## Hatua ya 4: Hesabu walioondoka njiani

Miaka ya nyuma niliwahi kuandika ripoti yenye asilimia 80 ya mafanikio. Nilijivunia. Ilikuwa asilimia 80 ya waliofika mwisho. Theluthi ya walioanza walikuwa wamepotea na sikuwaweka popote. Hakuna aliyeniuliza, na hilo ndilo linalonisumbua zaidi mpaka leo.

Wanaoacha si vijana wa kawaida waliookotwa ovyo. Mara nyingi ndio wenye hali ngumu zaidi. Ukiwatoa, umeondoa walioshindwa kisha ukashangilia waliobaki.

Fanya hesabu hii: gawanya waliopimwa mwisho kwa walioandikishwa mwanzo. Pungufu ya 0.7, punguza imani yako sana. Ulinganishe pia upotevu wa makundi mawili. Upande mmoja ukipoteza wengi kuliko mwingine, kura ya mwanzo imeharibika. Hicho kiwango cha 0.7 ni changu cha kazini, wala si sheria ya takwimu.

Utafiti mzuri humhesabu kila kijana kwenye kundi alilopangiwa, hata kama hakupata huduma. Utafiti mashuhuri wa Big Brothers Big Sisters, shirika la Marekani linalowaunganisha vijana na walezi, uliotolewa mwaka 1995, ulifanya hivyo. Vijana 959 wa miaka 10 hadi 16, katika vituo 8 vya Marekani, waligawanywa kwa kura na kufuatiliwa miezi 18. Baadhi ya waliopangiwa kupata mlezi hawakumpata kamwe, na bado walihesabiwa upande wa ulezi. Hesabu hiyo hupunguza sifa za programu, lakini ndiyo inayofanana na maisha: na wewe pia kuna vijana utakaowaahidi mlezi ukamkosa.

## Hatua ya 5: Tafsiri namba mpaka ziwe watu

Sasa turudi kwenye 0.21. Ukubwa wa athari wa namna hii hupima umbali kati ya wastani wa makundi mawili. Panga vijana wasio na mlezi kwa mstari kuanzia wa chini hadi wa juu: nusu yao, yaani 50 kati ya 100, wako juu ya wastani wao. Kwa wenye mlezi, kama 58 kati ya 100 watakuwa juu ya wastani uleule. Wameongezeka 8. Kwa kijana mmojammoja huenda usione kitu. Kwa vijana elfu moja ni jambo la maana, hasa kama gharama ni ndogo.

Asilimia za kupungua ndizo zinazodanganya zaidi. Ule utafiti wa 1995 ulionyesha kuwa waliopata ulezi walikuwa na uwezekano pungufu kwa asilimia 46 wa kuanza dawa za kulevya, na pungufu kwa asilimia 27 wa kuanza pombe. Namba hizo ni za kweli na ni nzuri. Lakini asilimia 46 ya nini? Tuseme bila ulezi vijana 10 kati ya 100 wangeanza: sasa wanaanza kama 5, umewaokoa kama 5. Tuseme wangeanza 40: sasa wanaanza kama 22, umewaokoa 18. Asilimia ni ileile, watu si walewale. Daima dai kiwango cha kundi la ulinganisho kabla ya kushangilia.

Kisha tazama idadi. Kila kundi likiwa na vijana 50, na karibu nusu wakifaulu, tofauti inayokaribia pointi 20 za asilimia inaweza kuletwa na bahati tupu. Makundi yakiwa na vijana 400 kila moja, bahati huishia kwenye pointi 7 hivi. Programu ndogo inayojisifu kwa tofauti ya pointi 9 haijathibitisha kitu, hata kama kila kitu kingine ilikifanya sawasawa.

Mwisho wa hatua hii, hesabu vilivyopimwa. Mtu akipima mambo 20 yasiyohusiana, kwa kipimo cha kawaida cha kukubali kosa moja kati ya 20, uwezekano wa kupata angalau "ushindi" mmoja wa uongo ni karibu asilimia 64. Ripoti yenye dodoso la maswali 40 inayotangaza matokeo mawili tu, iulize yale 38 yalikwenda wapi.

## Hatua ya 6: Watafute walioumia, na tafiti zilizotoka mikono mitupu

Watu huiruka hatua hii kwa adabu. Usiiruke.

Jean Grossman na Jean Rhodes, mwaka 2002, walitumia takwimu za ule utafiti wa 1995 kuangalia muda wa uhusiano. Waliodumu mwaka mmoja au zaidi na mlezi walipata faida nyingi zaidi. Uhusiano uliovunjika ndani ya miezi mitatu ulienda na kushuka kwa namna kijana anavyojithamini na anavyouona uwezo wake wa masomo. Hapa kura haikuhusika, kwa sababu hakuna anayempangia kijana kuachwa. Watafiti walijitahidi kurekebisha hilo kwa hesabu. Hata hivyo mantiki yake inaeleweka: kijana aliyekwisha kuachwa na watu wazima ameachwa tena.

Halafu tafuta sifuri. Wizara ya Elimu ya Marekani iligharimia tathmini kubwa ya ulezi mashuleni, iliyotoka mwaka 2009: wanafunzi 2,573, programu 32, kwa kura. Kwa wanafunzi wote kwa pamoja haikuonekana tofauti ya kuaminika kwenye mahusiano, masomo wala tabia hatarishi. Mahusiano yale yalidumu kwa wastani chini ya miezi 6. Ukisoma 1995 bila 2009 umesoma nusu ya habari.

Umefaulu hapa kama jedwali lako lina angalau utafiti mmoja unaokukera.

## Hatua ya 7: Angalia kilichofanyika, achana na jina

Programu mbili zinaweza kuitwa "ulezi" na zisifanane hata kidogo. Kwa hiyo kwa kila utafiti wenye matokeo mazuri, andika walifanya nini hasa, kisha ulinganishe na unachoweza kufanya wewe.

Uchambuzi wa 2011 wa DuBois na wenzake unatoa dondoo za kuanzia. Athari zilikuwa kubwa zaidi pale vijana walipokuwa tayari na matatizo au wanaishi katika mazingira ya hatari, pale kazi na elimu ya mlezi vilipolingana na lengo la programu, pale walipounganishwa kwa mambo wanayoyapenda wote, na pale mlezi alipofundisha au kumtetea kijana badala ya kukaa naye tu. Mwaka 2020 Kirsten Christensen na wenzake walikuta kwamba programu zinazolenga tatizo mahususi zilikuwa na athari zaidi ya mara mbili ya zile za urafiki wa jumla. Ukiwa na bajeti ya programu moja, mimi ningeanzia hapo.

Onyo: dondoo hizi hutokana na kulinganisha programu na programu, si kijana na kijana kwa kura. Ni dalili nzuri, si hukumu. Na yapo mambo yasiyosubiri utafiti wowote: kuchuja walezi kwa ajili ya usalama wa vijana hufanywa siku ya kwanza, iwe kuna takwimu au hakuna.

Angalia pia muda wa faida. Utafiti wa ulezi wa mashuleni wa Big Brothers Big Sisters uliotoka 2007, wenye vijana 1,139, ulionyesha maendeleo ya masomo mwishoni mwa mwaka wa kwanza, lakini mengi yake yalikuwa yamefifia mwaka wa pili. Aliyepima mara moja tu, tena siku ya sherehe ya kufunga, asingeliona hilo.

## Hatua ya 8: Andika uamuzi kwenye ukurasa mmoja

Jibu lako ni mojawapo ya haya: "inaelekea inafanya kazi kwa vijana kama wetu", "hatujui bado", au "inaelekea haisaidii au inaumiza". Usiogope "hatujui bado". Programu nyingi ziko hapo, na unaweza kuichukua programu ya namna hiyo mradi ukubali kuipima.

Chini ya jibu andika sababu tatu zenye namba, kisha jambo moja ambalo lingekubadilisha mawazo. Sasa mwite mbishi. Mpe ukurasa huo bila maelezo ya mdomo, aubomoe kwa nusu saa. Atakachokibomoa kirekebishe. Akibaki anabisha kuhusu jambo la ladha tu, uko tayari kuupeleka kwenye kamati.

## Hatua ya 9: Pima kwako, kwa kiasi chako

Waombaji wakizidi walezi ulio nao, piga kura ya wazi kuamua nani aanze na nani asubiri mwaka ujao. Wengi husema kura ni ukatili. Nafasi zikiwa hazitoshi kuna atakayekosa kwa vyovyote. Bila kura, anayekosa huwa ni yule asiyemjua mratibu. Kijana mwenye hatari ya haraka mtoe kwenye kura, umhudumie, na usimhesabu.

Usipoweza kupiga kura, usijaribu kuthibitisha athari. Kwa vijana 30 hutaithibitisha. Pima mambo ambayo tafiti zimeshayahusisha na faida: ni jozi ngapi za mlezi na kijana zimefika miezi 12, zimekutana mara ngapi kwa mwezi, na kila iliyovunjika ilivunjika kwa sababu gani na kijana aliagwa vipi.

Kabla ya kufungua takwimu zozote, andika tarehe, matokeo moja makuu utakayoyatangaza, na kiwango utakachokiita mafanikio. Weka saini, na nakala abaki nayo mbishi.